Barua Alizosomewa Neta

Jumamosi ile upepo ulianza saa nne asubuhi, na kufikia saa sita vumbi la mashamba ya pamba lilikuwa limeshaingia hadi ndani ya kopo la sukari. Neta Reimer alikuwa anakanda unga wa mikate ya Jumapili. Binti yake, Justina, akatoa barua kwenye mkoba wa shule.

"Imetoka kwa mshauri wa wanafunzi," alisema. "Nikusomee?"

"Soma, mwanangu. Nina nani mwingine wa kunisomea?"

Barua ilijaa maandishi pande zote mbili, Kiingereza mbele na Kihispania nyuma, na Neta hakuweza kusoma hata upande mmoja. Yeye alizaliwa kwenye koloni la Wamenonaiti, makazi ya Wakristo wa asili ya Kijerumani huko Mexico, ambako msichana hutoka shule ana miaka kumi na miwili. Hutoka akijua Biblia ya Kijerumani kwa zile herufi za kale, nyimbo za kanisani, na hesabu za kujumlisha na kutoa. Kihispania alikisema vizuri tu, lakini kukisoma hapana. Kiingereza, baada ya miaka kumi na minne ya kuishi Texas, alijua cha jikoni: chumvi, moto, bado, tayari.

Justina alipitisha macho juu ya karatasi. "Wanasema ni wakati wa kuchagua masomo ya mwaka kesho. Mimi nimepangiwa matano ya juu, yale ya kiwango cha chuo. Moja nitalisomea hukohuko chuoni, alfajiri, kabla ya shule. Bi Hargrove anataka uende Ijumaa saa nane mchana, utie sahihi mbele yake."

"Basi?"

"Basi."

"Mbona maandishi mengi hivyo?"

"Mama, Waingereza hawa wakitaka kukwambia karibu wanamaliza kurasa mbili."

Neta akacheka. Kwao kila aliyesema Kiingereza nyumbani kwake aliitwa Mwingereza, hata kama babu yake hakuwahi kuiona Uingereza.

"Na kwa nini niende mwenyewe? Si siku zote unanitilia wewe?"

Justina aliikunja barua. "Utaratibu mpya."

Na kweli siku zote alimtilia yeye. Tangu ana miaka minane, karatasi zote za nyumba ile zilipita mikononi mwake: za shule, za kliniki, za bima ya lori la baba yake. Alikuwa akisoma, anamweleza mama yake kwa Kijerumani chao, kisha anaandika Aganetha Reimer chini kabisa. Neta alipenda kumtazama akiandika. Alimwambia jirani mara nyingi, kwa kujivuna, kwamba mwanawe ndiye macho yake.

"Matano si mengi, mwanangu? Mwaka huu una matatu tu na uso umekuwa mdogo kama wa paka."

"Sikiliza, Mama. Somo la kawaida ukipata mia, unaandikiwa mia. La juu ukipata mia, unaandikiwa mia na kumi. Mwenzangu akichukua matano, mimi nikachukua mawili, atanipita hata kama mimi nimepata mia tupu."

"Wewe sasa hivi ni wa ngapi?"

"Wa ishirini na nne."

"Kati ya wangapi?"

"Mia mbili na kumi."

"Mbona ni vizuri hiyo! Wa ishirini na nne!"

"Chuo kikuu cha jimbo kinawachukua moja kwa moja kumi katika kila mia. Hapa kwetu mlango unafungwa baada ya wa ishirini na moja. Wa ishirini na nne yuko nje, Mama." Alisema hivyo huku anatazama dirishani, ambako hakukuwa na cha kutazama isipokuwa wekundu wa vumbi. "Watatu. Nawataka watatu tu."

Neta hakupenda alivyolitamka hilo neno. Alilitamka kama wanaume wa kwao wanavyohesabu mbweha wanaosumbua kuku. Lakini mikate ilikuwa inangoja, akarudi kwenye unga wake.

Jioni alimfungua mwanawe nywele ili amsuke upya, kama kila Jumamosi. Justina alikaa chini, kichwa kwenye mapaja ya mama yake. Chanuo lilipita mara moja tu, likatoka na fungu la nywele nene kama uzi wa kufumia. Neta akalificha haraka kwenye mfuko wa aproni, kama aliyeiba.

Hii haikuwa mara ya kwanza. Novemba ilikuja barua kutoka kwa nesi wa shule, na Justina aliisoma akicheka: chawa wameingia darasa la kumi, kila mzazi akague kichwa cha mtoto wake. Neta alikagua saa nzima kwa chanuo la meno membamba na siki. Hakuona chawa hata mmoja. Aliona nywele tu, zinakuja zenyewe. Na Justina siku ile alitulia magotini pake kama mtoto mchanga, macho amefumba, hata Neta akawashukuru chawa kimoyomoyo kwa kumrudishia mwanawe kwa saa moja.

*

Jumapili baada ya ibada walikwenda kunywa kahawa kwa wifi yake, Liesbeth. Meza ilikuwa na mikate, jamu ya plamu na bakuli la mbegu za alizeti. Liesbeth alikuwa na mabinti wanne, wote walitoka shule baada ya darasa la nane, wote walikuwa wanene na wameolewa.

"Justina bado anasoma?" aliuliza, kana kwamba Justina hayupo mezani. "Hivi vitabu havijaisha tu?"

"Mwaka kesho atasoma vya chuo," Neta alisema. "Akiwa hapohapo sekondari."

"Alaa! Na vya chuo vikiisha atasoma vya nani, vya malaika?"

Watu wakacheka. Neta naye akacheka, ila moto ulimpanda masikioni. Ni yeye aliyebishana na mumewe, akabishana na mama mkwe, akakaa chini ya macho ya kanisa zima, ili Justina avuke darasa la nane. Akirudi nyuma leo, Liesbeth atakunywa kahawa yake na kisa hicho miaka kumi.

"Mtazameni msomi wenu," Liesbeth akasema.

Justina alikuwa amelala. Amekaa wima, kipande cha mkate mkononi, jamu inamdondokea kwenye gauni, macho nusu wazi. Liesbeth akagonga meza kwa kijiko. Justina akashtuka na kusema maneno ya Kiingereza, haraka haraka, maneno na namba, kama mtu aliyeulizwa swali mbele ya darasa. Kisha akaona alipo.

Hakuna aliyecheka tena.

*

Neta alifanya kazi kwenye jiko la shule hiyohiyo. Bwalo lilikuwa na foleni mbili. Yeye aligawa chakula cha moto upande wa kulia. Upande wa kushoto, dirisha la pizza, alikuwa rafiki yake Nelda Quiroz, mama wa Kimexico mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Kila mwanafunzi alipochukua sinia lake alibonyeza namba yake kwenye kibao cha namba mwisho wa foleni, na jina likatokea kwenye skrini.

Agosti, juma la kwanza la shule, Justina alimwambia mama yake: "Usinikasirikie, Mama. Nitakuwa nakula kwa Nelda. Wenzangu wananicheka nikigawiwa viazi na mama yangu." Neta aliyameza maneno hayo. Watoto wa umri ule ndivyo walivyo. Tangu siku hiyo aliacha kumtafuta kwenye foleni.

Jumatatu ile walikuwa wanafuta meza pamoja, yeye na Nelda, kwa Kihispania chao cha jikoni.

"Nelda, mwanangu anakula vizuri kwako? Naona anakonda."

Nelda akasimama na kitambaa mkononi. "Kwangu?"

"Si anapita kwako?"

"Justina? Mwenzangu, mimi najua anapita kwako. Sijamwona kwenye dirisha langu tangu... sijui. Tangu majira ya joto."

Wakatazamana. Kisha Nelda akaenda kwenye kibao, akafuta mikono, akabonyeza namba. Neta aliijua kwa moyo: arobaini, sabini na moja, nane. Jina likatokea. Chini ya jina palikuwa na tarehe ya mlo wa mwisho.

"Inasema nini?"

"Agosti ishirini na moja."

Neta aliishika meza. Ilikuwa Februari. Miezi sita alikuwa amesimama hapo na kijiko kikubwa, akijaza masinia ya watoto wa watu, akiwasihi waongeze maharage, na mtoto wake hakuwa amekula sahani moja chini ya paa lile.

"Usilie hapa," Nelda alisema polepole. "Watatuona. Nyumbani una karatasi zozote za shule?"

"Ninazo zote. Situpi karatasi."

"Zilete kesho."

Alizileta kwenye mkebe wa biskuti, chini ya taulo. Walijifungia kwenye stoo ya unga, Nelda akavaa miwani, akakaa juu ya gunia la mchele.

Ya kwanza ilikuwa ya Agosti. Neta aliikumbuka: Justina alisema ni orodha ya madaftari. Nelda alisoma: *Mimi mzazi nakubali mwanangu aache kipindi cha chakula, ili kwenye saa hiyo asome somo la ziada la juu.*

"Kuna watu wanaacha kula kwa karatasi?" Neta aliuliza.

"Wapo. Wanaitia sahihi wazazi. Hii ni nakala, na imetiwa, dada yangu. Aganetha Reimer."

Ya pili ilikuwa ile ya chawa.

Nelda aliisoma kimya kwanza, midomo ikicheza. "Neta. Hii inatoka kwa nesi. Anasema tarehe nne Novemba mwanao alizimia kwenye ngazi za jengo la sayansi. Wenzake walimbeba. Anakuomba umpeleke kwa daktari."

"Hapana. Hiyo ni ya chawa."

"Hakuna chawa humu."

Neta aliitwaa ile karatasi, akaitazama ile mistari asiyoijua, kana kwamba akikaza macho vya kutosha chawa watatokea. Aliyakumbuka mapaja yake, kichwa kile kizito, siki, chanuo. Mtoto alijua. Alikaa pale, nywele zake zinang'oka mikononi mwa mama yake, akijua kwa nini.

Ya tatu, ya Januari, Justina aliisoma kuwa ni siku ya kupigwa picha za shule. Neta alimpigia pasi gauni la bluu. Nesi alikuwa ameandika kwamba mtoto ameanguka mara ya pili, moyo unaenda mbio kupita kiasi, na asiendeshe gari mpaka aonwe na daktari. Na Justina alikuwa anaendesha kila siku, maili kumi na nane kwenda na kumi na nane kurudi, barabara ya njia mbili pamoja na malori ya mafuta.

Ya nne ndiyo ya Jumamosi.

"*Bi Reimer,*" Nelda alisoma, "*nina wasiwasi na Justina. Ameomba masomo matano ya juu mwaka kesho, na la chuoni alfajiri. Mimi napendekeza achukue moja, na arudishiwe kipindi cha chakula. Uamuzi ni wako, kwa hiyo tafadhali njoo mwenyewe. Na kama inawezekana, njoo na mtu wa kukutafsiria ambaye si mwanao.*"

Nje ya stoo mtu aliburuta sufuria. Nelda akavua miwani.

"Huyo mtoto anataka kwenda na wewe Ijumaa?"

"Ameshaomba ruhusa darasani. Ili anitafsirie."

Nelda akajipiga ishara ya msalaba.

*

Mama unayesoma hapa, labda utasema: ningekuwa mimi ningemkalisha mtoto usiku uleule. Neta naye alidhani hivyo. Lakini alipoingia nyumbani na kumwona mwanawe ameinamia meza, vitabu vinne wazi na kopo la kile kinywaji cha kuwachangamsha madereva wa malori, ulimi ulimganda. Aliogopa. Mtoto aliyeweza kugeuza kuzimia kuwa chawa, bila kupepesa macho, angegeuza nini tena? Akataka kwanza aone kama Justina atasema mwenyewe.

Jumanne usiku alimwekea supu ya tambi. "Una jambo la kuniambia, mwanangu?"

"Hapana, Mama."

Jumatano alimuuliza tena. "Shuleni uko salama?"

"Mama, una nini wewe?"

Alimpigia simu Isbrand, mumewe, aliyekuwa kwenye visima vya mafuta kwa wiki mbili. Mashine zilinguruma nyuma yake. "Wewe ndiye uliyetaka asome," Isbrand alisema. "Mimi nilisema darasa la nane. Sasa unataka asisome?"

"Nataka ale."

"Basi mpe chakula, mwanamke!" Na simu ikakatika.

Alhamisi upepo ulirudi. Saa kumi jioni hukuweza kuona nyumba ya jirani. Neta alisimama kwenye kibaraza, kitambaa puani, akisikiliza malori yakipita barabara kuu bila kuonekana, moja, la pili, la tatu. Saa kumi na moja ikapita. Saa kumi na moja na nusu taa mbili za gari zikajitokeza kwenye ule wekundu, zikiwa karibu mno na mtaro.

Justina alishuka, uso mweupe kama unga. Kioo cha pembeni cha gari, upande wa dereva, hakikuwepo. Waya tu zilining'inia, na ubavuni mstari mrefu wa rangi ya manjano.

"Nini hiki?"

"Upepo umekisukumia pipa la takataka."

Mapipa ya takataka ya mji ule yalikuwa ya kijani. Malori ya kampuni iliyochimba mashariki mwa barabara ndiyo yaliyokuwa ya manjano. Neta aliugusa mstari ule kwa kidole. Ulianza kwenye mlango wa nyuma, ukaishia sentimita chache kutoka alipokaa mwanawe.

"Ulikuwa umelala," alisema.

"Sikulala. Nilifumba macho."

*

Ijumaa saa nane Bi Hargrove aliwafungulia mlango. Alikuwa mama mtu mzima, miwani shingoni kwa kamba. Alimsalimu Neta, kisha akatazama nyuma yake, kama anayemtafuta mtu wa tatu. Nelda angekuja akimaliza kuosha masufuria, ndivyo walivyokubaliana. Lakini hakuwa amefika, na Justina alishavuta kiti.

Juu ya meza palikuwa na karatasi mbili. Bi Hargrove alianza kusema, taratibu, akimtazama Neta usoni, si Justina. Aliweka mkono kifuani. Alionyesha karatasi ya kulia kwa kidole, kisha akaisukuma mbele kidogo. Macho yake yalikuwa ya mtu anayetoa habari za mgonjwa.

"Anasema mimi ni mfano kwa wengine," Justina alitafsiri. Sauti haikutetereka. "Anasema ni nadra mtoto wa watu wetu kufika hapa. Anafurahi sana. Anasema utie sahihi hii ya kushoto."

Neta alimtazama Bi Hargrove. Hakukuwa na furaha ndani ya uso ule. Akamtazama mwanawe, zile nyusi alizozijua tangu siku ya kwanza, na akaona kwamba haoni aibu. Alikuwa mbali, kwenye hesabu zake. Watatu tu.

"Mwambie nina swali," Neta alisema.

"Uliza."

"Siku ile ya Novemba, ulianguka kutoka ngazi ya ngapi?"

Justina akafungua mdomo. Bi Hargrove akangoja, akimtazama mmoja, kisha mwingine.

"Mtafsirie," Neta alisema. "Hodari wa kutafsiri. Mtafsirie hilo."

"Mama, tafadhali."

"Chawa walikuwa wangapi, Justina? Nilitafuta saa nzima."

Neta akachukua kalamu, akaivuta karatasi ya kulia, ile ambayo kidole cha Bi Hargrove kiliisukuma, na akaandika jina lake. Aliandika kama alivyofundishwa na mwalimu wa koloni, kwa herufi za kale, za pembe pembe, akibana ulimi kwa meno. Ilimchukua muda. Ilikuwa sahihi yake ya kwanza kwenye shule ile katika miaka yote.

Bi Hargrove aliigeuza karatasi, akavaa miwani. Akafungua faili. Akaweka karatasi nyingine kando yake, kisha nyingine, akilinganisha. Akauliza jambo, kwa upole lakini kwa wasiwasi.

"Anasemaje?"

Justina alijikunyata. "Anasema hii siyo sahihi yako. Anasema sahihi yako anaifahamu, anayo tangu nikiwa darasa la kwanza la sekondari. Anauliza kwa nini leo umeandika hivi."

Basi ndivyo mambo yalivyokuwa. Ndani ya faili lile alikuwepo Aganetha Reimer mwingine, mwenye mkono mzuri wa mviringo, anayekubali kila kitu, ambaye mwanawe akizimia hutia sahihi tu, basi. Yule ndiye aliyejulikana. Yeye aliyekaa hapo, mwenye aproni chini ya koti, ndiye aliyeonekana wa kughushi. Na mtu pekee mle chumbani aliyeweza kumtetea alikuwa mtoto huyu.

"Mjibu," Neta alisema.

Justina alizitazama sahihi zile mbili. Kisha alisema maneno machache ya Kiingereza, chini ya pumzi.

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia ukweli."

Neta hakuwa na njia ya kujua ukweli upi. Bi Hargrove akaanza kutoa karatasi kwenye faili, moja moja, akizipanga mezani: ya Agosti, ya Novemba, ya Januari, nyingine ambazo Neta hakuwahi hata kuziona. Kwa kila moja aliweka kidole juu ya jina na kumtazama Justina. Na kwa kila moja Justina aliitikia kwa kichwa: ndiyo, ni mimi. Ndiyo. Ndiyo. Karatasi zilijaza meza. Neta alihesabu hadi kumi na saba, akaacha.

Hapo ndipo Nelda aliingia, mikono bado mibichi, akihema. Akayaona yale makaratasi. "Yesu wangu," alisema kwa Kihispania. "Niambie, Neta, nimwambie nini huyu mama?"

"Mwambie mkono wangu ni huu mbaya. Na mwambie mwanangu atakula."

*

Daktari alimwona Jumamosi, akamnyang'anya funguo za gari kwa miezi miwili. Nyumbani Justina hakusema na mama yake neno.

Jumatatu alirudishiwa kipindi cha chakula. Saa sita na dakika kumi Neta alisimama nyuma ya viazi vya kuponda, jicho mlangoni. Foleni ikaja, ikapungua. Mwisho kabisa, akaja. Hakumtazama mama yake. Alichukua sinia, akabonyeza namba, kibao kikalia, jina likatokea. Nelda, upande wa pili, akainua dole gumba hewani.

Kipindi kilipokwisha Neta alikwenda kwenye dirisha la vyombo vichafu. Sinia lilikuwa pale. Alilijua kwa jinsi vitu vilivyopangwa, nadhifu, kama daftari. Viazi havijaguswa. Kuku hajaguswa. Maziwa hayajafunguliwa. Kwenye skrini, Justina Reimer alikuwa amekula.

Usiku ule Neta hakupata usingizi. Alielewa sasa kwamba kutia sahihi kumemrudishia saa ya chakula tu. Mtoto mwenyewe alikuwa bado kwa wale watatu.

Jumanne Justina alikaa meza ya mwisho karibu na ukuta, mgongo kwa watu, kitabu chini ya ukingo wa sinia. Neta alitoa kijiko kwenye viazi. Akavua glavu. Foleni ilikuwa bado na watoto kumi, wakamwita, hakugeuka. Alipita katikati ya bwalo zima na aproni yake na kitambaa chake cha kichwani, watoto wakimpisha, wengine wakichekea mikono, akavuta kiti, akakaa mbele ya mwanawe. Akakifunga kile kitabu.

"Mama," Justina alinong'ona. Masikio yalimwiva. "Watu wanatuangalia."

"Waache waangalie."

"Utafukuzwa kazi."

"Nifukuzwe. Kula."

"Siwezi. Nikila nasinzia. Nikisinzia wananipita."

"Wakupite."

Justina aliinua macho. Yalikuwa makubwa kuliko uso uliobaki, na ndani yake Neta aliona kitu kilichomtisha kuliko lile lori la manjano: mwanawe hakuwa amemwelewa. Lile neno, wakupite, lilimpita kama Kiingereza kinavyompita yeye.

Nelda aliita kutoka dirishani kwake, kwa ile sauti ya ng'ombe, kwamba foleni ya viazi waje kwake. Saa ya ukutani ilionyesha dakika nane kabla ya kengele. Nje upepo ulikuwa umeanza tena, vioo vya bwalo vikawa vyekundu.

Neta aliuchukua uma, akaufuta kwenye aproni ingawa ulikuwa safi, akauweka kwenye kiganja cha mwanawe na kukifunga kidole kimoja kimoja juu yake, kama alivyokuwa akifanya alipokuwa na mwaka mmoja.

"Tonge moja," alisema. "Sitoki hapa. Na kesho nitakuja, na keshokutwa."

Justina aliinamia sahani, mkono wake ukiwa ndani ya ule wa mama yake. Neta hakuuachia. Dakika saba.